Uzi: "Wanyongwe ama wahasiwe?" si swali la maana

Kila mdahalo ukifika kwa ubakaji, maneno huwa yale yale. Mmoja anasema wahasiwe, mwingine anasema wanyongwe, ukumbi unapiga makofi, halafu tunarudi kwa bei ya unga. Tuongee kidogo, watu wangu.

Adhabu kali tayari tunazo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inasema ubakaji ni kifungo cha miaka 10 kwenda juu, hadi maisha. Ubakaji wa genge ni kuanzia miaka 15. Ukimnajisi mtoto wa miaka 11 ama chini yake, ni maisha. Kwa hivyo sheria si laini. Kinachotuangusha ni kwamba kesi zinakufa kabla hazijamfikia hakimu.

Zinakufia wapi? Mara nyingi ni pale kwa OB. Mwaka 2013, Busia, washukiwa waliodaiwa kumbaka msichana kwa genge walipewa kazi ya kukata nyasi kituoni. Nyasi! Wakati huo sheria ya miaka 15 ilikuwa na umri wa miaka saba. Mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi kutochunguza vizuri malalamishi ya wasichana walionajisiwa kulivunja haki zao za kikatiba. Yaani uzembe wa afisa mezani si "changamoto" tu, ni serikali kuvunja Katiba.

Rafiki yangu alienda kituo fulani Ijumaa usiku. Akaambiwa afisa wa dawati la jinsia hayuko, arudi Jumatatu. Piga hesabu hapo. Dawa za PEP za kuzuia HIV zinafaa kuanzwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Jumatatu jioni hizo saa zilikuwa karibu ziishe. Hakuna aliyemwambia kwamba hakuhitaji nambari ya OB ndio atibiwe.

Hilo wengi hawajui: unaweza kuanza na hospitali. Daktari, afisa wa kliniki ama nesi anakutibu na kujaza fomu ya PRC, ambayo hutumika kama ushahidi. P3 ya polisi inafuata, na ni ya bure. Tembe za dharura za kuzuia mimba zinafanya kazi hadi saa 120, japo mapema ni bora. Usioge kwanza kama unaweza (ukiwa umeoga, bado nenda). Nguo weka kwa gazeti ama mfuko wa khaki, si nailoni, maana unyevu huharibu ushahidi.

Halafu kuna "tumemalizana nyumbani". Wazee wanakaa, mbuzi wanahesabiwa, baba anapewa pesa kidogo, msichana hajaulizwa kitu. Nimesikia hata viongozi wakiita hii haki ya kitamaduni. Kisheria, uamuzi wa kusimamisha kesi ya ubakaji uko kwa mkurugenzi wa mashtaka ya umma. Hauko kwa chifu, hauko kwa OCS, na hauko kwa baba wa msichana. Mbuzi hawafuti kesi ya jinai.

Kwa hivyo mgombea akija mtaani kwenu, mwache amalize maneno ya kuhasi, kisha muulize: hospitali ya kaunti yetu ina PEP Jumapili usiku? Nani anajaza P3, na anatoza ngapi chini ya meza? Dawati la jinsia lina chumba chenye mlango, ama manusura anasimulia kila kitu watu wakiwa kwa foleni ya abstract? Bajeti ya hayo iko ukurasa gani?

Na kama mambo haya yamekupata wewe, si lazima uanze na polisi leo. Piga 1195, ni bure. Kwa mtoto, 116. Kama unaogopa kwenda hospitali peke yako, mwambie mtu mmoja unayemwamini akusindikize.