Fahari ya Mwenyeji: Kutoka Nagano hadi Kimana (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi miji inavyogombea kuandaa michezo mikubwa. Leo tuulize fahari ya mwenyeji hutoka wapi, kwa kuanzia na michezo ya theluji ambayo sisi wa Kajiado huiona kwenye runinga tu.

Lillehammer, mji wa Norwei ulioandaa Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1994, haukuwa na watu hata 30,000. Kitengela yetu, kwa sensa ya 2019, ilipita 150,000. Udogo wa mji basi si kisingizio. Wanorwei walibebwa na jambo moja: skii kwao ni mwendo wa mababu, na mtoto huvalishwa akiwa bado mdogo. Dunia ilipofika, iliwakuta wakifanya mambo yao ya siku zote.

Denver, Marekani, mambo yalikwenda kombo. Mji huo ulikuwa umekwisha kupewa michezo ya 1976, lakini Novemba 1972 wapiga kura wa jimbo la Colorado wakakataa fedha za umma zitumike kwa michezo hiyo. Michezo ikahamia Innsbruck, Austria. Sioni kwamba watu wale walikosa uzalendo. Walikataa kubebeshwa mzigo wa sherehe ambayo hawakuiona kuwa yao.

Kisha Nagano, Japani, 1998. Mkenya Philip Boit, mkimbiaji aliyepelekwa Finland kujifunza skii miaka miwili tu kabla, aliingia mbio za kilomita 10. Alikuwa wa mwisho, dakika 20 hivi nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei. Dæhlie hakwenda mara moja kupokea medali yake. Alisimama kwenye mstari akimngoja Boit, akamkumbatia, na sherehe ya medali ikasubiri. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Mimi huona heshima ile kuwa sehemu ya uenyeji, ingawa aliyeitoa mwenyewe alikuwa mgeni Japani.

Sasa tuje nyumbani. Kusini mwa kaunti yetu, Kimana, mahali ambapo theluji ya Kilimanjaro huonekana asubuhi kabla mawingu hayajaifunika, hufanyika mashindano yajulikanayo kama Olimpiki ya Wamaasai. Yalianza Desemba 2012, na kwa kawaida huja kila baada ya miaka miwili. Chanzo chake ni simba. Zamani morani aliyetangulia kumchoma simba mkuki ndiye aliyepata sifa katika rika lake. Simba walipopungua, wazee walezi wa morani, menye layiok, waliona desturi hiyo haiwezi kuendelea, wakashauriana na shirika la uhifadhi la Big Life kuhusu njia ya kuiondoa. Kumkataza kijana peke yake kusingetosha. Ushujaa wake ulihitaji mahali pengine pa kuonekana.

Ndiyo maana michezo ilitolewa katika maisha yenyewe. Morani hurusha mkuki, hurusha rungu kwa shabaha, hukimbia mita 200, 800 na 5,000, na huruka juu kama wanavyoruka kwenye ngoma, miguu ikiwa pamoja, kichwa kikitafuta kuigusa kamba iliyofungwa juu. Wasichana nao wana mbio zao. Manyata huja kama timu, kutoka Mbirikani, Eselenkei, Kuku na Rombo, na timu bora hupewa fahali wa mbegu. Medali huning'inia shingoni mwa mmoja. Fahali huingia katika mifugo, na ndama wake huonwa na boma zima. Mlezi wa michezo hiyo amekuwa David Rudisha, Mmaasai wa Kilgoris, ambaye mwaka uleule wa 2012 aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 huko London, dakika 1 na sekunde 40.91.

Hapo Kimana na Lillehammer zinakutana. Hakuna aliyelazimika kumfundisha morani kulitaka shindano, kwa kuwa shindano lilianzia ndani ya utamaduni wake. Hata hoki ya barafu, ambayo vijana wa Nairobi wameicheza miaka mingi katika hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ilipata wapenzi kwa kuwa vijana wenyewe waliipokea na kuifanya yao. Timu yao, Ice Lions, iliendelea hata kabla Kenya haijapokewa katika shirikisho la kimataifa mwaka 2024.

Mwaka 2027 Kenya, Tanzania na Uganda zinatarajiwa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa pamoja. Fedha nyingi zitaingia katika zege la miji mikubwa, nami siupingi uwanja mzuri. Ila naomba kaunti yetu ianze na njia ya mbio ya mita 400 ya udongo katika kila kaunti ndogo, Mashuuru ikiwemo, yenye kivuli, maji na choo, ili kijana wa manyata asikae miaka miwili akingoja Desemba ndipo akimbie. Wiki ijayo tutaangalia nani alilipa gharama, na nani alibaki na viwanja, katika Michezo ya Afrika ya Nairobi ya 1987.