Je, Wajua? Mbunge wa Changamwe na Ripoti Iliyokataliwa

Je, wajua kwamba katika viti sita vya ubunge vya kaunti ya Mombasa, kilicho kisiwani ni kimoja tu, Mvita? Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali na Likoni vyote viko ng'ambo. Hata hivyo, mtu wa Magongo, huko Changamwe, akidandia matatu ya mjini, mwulize aendako. Atakujibu “Mombasa”, kana kwamba alikotoka si Mombasa.

Je, wajua kwamba mtu wa ng'ambo ndiye aliyeongoza uchunguzi wa Bunge kuhusu mapigano ya kikabila yaliyozuka Bonde la Ufa mwaka 1991? Kennedy Kiliku, mbunge wa Changamwe, alikabidhiwa kamati teule ya wabunge 13 mwaka 1992. Bunge lenyewe lilikuwa la 1988, la chama kimoja. Mchujo wake ulikuwa wa mlolongo: wapiga kura walipanga foleni nyuma ya wagombea mchana kweupe, kila mtu akimwona jirani yake amesimama wapi. Kwa Bunge la namna hiyo hakuna aliyetarajia makali.

Makali yakatoka. Ripoti ya Septemba 1992 ilihesabu watu 779 waliouawa, na ikawanyooshea kidole wanasiasa na maofisa wa serikali, baadhi yao wa ngazi za juu. Wabunge wenzake Kiliku wakakataa kuipitisha. Desemba mwaka huo huo, katika uchaguzi wa vyama vingi, Kiliku akarudi bungeni, safari hii kwa tiketi ya DP, chama cha Mwai Kibaki. Pwani nzima DP ilipata kiti hicho kimoja tu.

(Miaka mitano baadaye DP ilichomoza tena ng'ambo, Kisauni, kwa Karisa Maitha. Kibaki alipoingia Ikulu akampa uwaziri. Mauti yakamkuta Ujerumani mwaka 2004, akiwa waziri wa utalii.)

  

Lakini turudi kwa Kiliku. Kati ya Changamwe na Likoni kuna mkono wa bahari tu, Port Reitz. Ukisimama upande mmoja unaiona minazi ya upande wa pili. Usiku wa Agosti 13, 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, pamoja na kile cha kivukoni. Polisi wasiopungua 6 wakauawa, bunduki zaidi ya 40 zikabebwa. Wakazi wenye asili ya bara wakaandamwa, nyumba na vibanda vikachomwa, na maelfu wakakimbia makwao. Moto uliochunguzwa na mbunge wa Changamwe kule juu ulikuwa sasa unawaka mkabala na jimbo lake, na uchaguzi mwingine ulikuwa mlangoni.

Uchaguzi huo ndio uliompa kiti cha Changamwe Ramadhan Kajembe, aliyekikalia hadi 2013. Ghasia za Likoni zilichunguzwa na tume, ya Jaji Akiwumi. Ripoti ilikamilika 1999 ikalazwa kabatini hadi 2002. Hata leo wanaoandika juu ya mapigano ya 1992 hawahangaiki na jina refu la kamati ile. Husema tu: Ripoti ya Kiliku.