Rekodi za pumzi moja: kutoka vilima vya Kiabonyoru hadi chini ya barafu

Mto Gucha unaanzia vilima vya Kiabonyoru, kaunti ya Nyamira. Maji yake hushuka kupitia Gusii ya kusini, yakaungana na mto Migori, yakaingia Ziwa Viktoria upande wa Nyatike. Kutoka ziwani hayana njia nyingine ila Nile, na Nile huishia bahari ya Mediterania, bahari ambayo mchezo wa kuzamia kwa pumzi moja ulizaliwa ndani yake. Kwa hiyo mtu wa Kisii au Nyamira anayedhani habari za wazamiaji na mikuki ya samaki hazimhusu, kwa kuwa anaishi mita 1,700 au zaidi juu ya usawa wa bahari, afuate maji ya kwao tu. Njia nzima imejaa rekodi.

Ya kwanza iko karibu na nyumbani. Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Hakuna ziwa kubwa kuliko hilo katika nchi za joto duniani, na kwa ukubwa wa maji yasiyo na chumvi linazidiwa na Superior ya Amerika Kaskazini peke yake. Hata hivyo kina chake ni kifupi. Penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80, na mzamiaji hodari wa leo angeweza kugusa sakafu yake na kurudi kwa pumzi moja, kama angeona anakokwenda. Haoni. Maji ni ya kijani, matope yanatibuka, na humo mna viboko, mamba na kichocho. Ndiyo maana uvuvi wa huko ni wa wavu na ndoana, wala si wa mkuki chini ya maji.

Jitu la ziwa hilo ni mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara. Aliletwa humo miaka ya 1950, akala, akakua, akazaana. Aina za furu, vile visamaki vidogo vilivyokuwa havipatikani popote pengine duniani, zikatoweka kwa mamia. Mbuta mkubwa kuliko wote waliopimwa na kuandikwa na shirika la kimataifa la uvuvi wa ndoana hakutoka Viktoria, ila alikuwa kwenye njia ileile ya maji: alinaswa Ziwa Nasser, nyuma ya bwawa la Aswan nchini Misri, Desemba 2000. Alikuwa na kilo 104.32. Anayenunua samaki soko la Daraja Mbili, pale Kisii mjini, afikirie mmoja mwenye uzito wa watu wazima wawili wembamba.

Kabla ya kufika Aswan, maji hayo hupita Murchison, Uganda, ambako Nile nzima hubanwa katika mwanya wa mwamba wenye upana wa mita saba hivi na kuporomoka zaidi ya mita 40. Hapo hazamii mtu.

Tufike Mediterania. Mwaka 1913 meli ya kivita ya Italia, Regina Margherita, ilipoteza nanga karibu na kisiwa cha Karpathos. Akaitwa mzamiaji wa sifongo Mgiriki, Haggi Statti, mtu mwembamba ambaye madaktari wa meli walimpima na kuona mapafu yake ni mabovu. Akashika jiwe la bapa, akashuka nalo mara kadhaa, na nanga ikapatikana kwenye kina cha mita zaidi ya 70. Hakuwa na mtungi wala mapezi, na malipo yake yalikuwa kidogo. Kwangu mimi hiyo ndiyo rekodi kubwa kuliko zote katika orodha hii, kwa sababu Statti hakuwa akitafuta rekodi. Alikuwa kazini.

Miaka 36 baadaye, mwaka 1949, rubani wa jeshi la anga la Italia, Raimondo Bucher, ambaye pia alikuwa mvuvi wa mkuki, aliweka dau kwamba atashuka mita 30 karibu na Capri. Wataalamu walimwambia atakufa. Hesabu yao haikuwa ya kipuuzi: kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu, na kwenye mita 30 mapafu hubanwa hadi robo ya ujazo wake. Bucher akashuka, akamkabidhi kifurushi mzamiaji mwenye vifaa aliyekuwa akimngoja chini, akapanda akiwa hai. Kumbe hesabu ilikuwa imeusahau mwili wenyewe. Mtu anapozama, mapigo ya moyo hupungua, damu huondoka mikononi na miguuni ikakimbilia kifuani na kujaza nafasi ambayo hewa imeiacha, na bandama hujikamua ikamwaga akiba yake ya chembe nyekundu za damu. Maji yakiwa baridi usoni, hayo yote huja kwa kasi zaidi.

Baada ya Bucher milango ilifunguka. Mfaransa Jacques Mayol alifika mita 100 karibu na kisiwa cha Elba mwaka 1976. Herbert Nitsch wa Austria alishuka mita 214 huko Spetses, Ugiriki, mwaka 2007, akivutwa na uzito na kurudishwa na puto la hewa. Katika kina hicho pafu la mtu halibaki hata sehemu moja ya ishirini ya ukubwa wake. Mwaka 2012 alitaka kupita hapo, akafika mita 253 karibu na Santorini, na damu yake ikajaa mapovu ya naitrojeni yaliyompooza kwa kiharusi. Alijifunza upya kutembea na kusema. Mchezo huo wa kushuka kwa uzito na kupanda kwa puto umewaua watu wa kutosha, nami sioni hasara ukiachwa. Wanaoshuka kwa nguvu ya mapezi yao wenyewe ndio wanaostahili makofi: Alexey Molchanov wa Urusi mita 136, na Alessia Zecchini wa Italia mita 123, wote mwaka 2023.

Kwa kukaa tu bila kupumua, uso majini, bila kuvuta oksijeni kwanza, Mfaransa Stéphane Mifsud alikaa dakika 11 na sekunde 35 mwaka 2009. Mama yake Molchanov, Natalia Molchanova, alikaa dakika 9 na sekunde 2 mwaka 2013, akiwa amepita miaka 50. Wanaovuta oksijeni tupu kabla ya kuanza huenda mbali zaidi, na Mkroatia Vitomir Maričić alifikisha dakika 29 na sekunde 3 Juni 2025. Nyangumi mmoja wa jamii ya wenye mdomo kama wa ndege aliwahi kupimwa akikaa chini dakika 222, kwa hiyo binadamu asijivune sana.

Sasa baridi. Mtu wa Keroka anajua maana ya maji ya asubuhi, lakini barafu ni habari nyingine. Johanna Nordblad wa Ufini alivunjika mguu vibaya akiendesha baiskeli mwaka 2010, na katika matibabu akawa anauzamisha mguu huo kwenye maji ya barafu kutuliza maumivu. Baridi ikawa rafiki yake. Machi 2021 aliingia chini ya barafu ya ziwa moja kaskazini mwa nchi yake akiwa na vazi la kuogelea tu, akaogelea mita 103 mpaka tundu la kutokea. David Vencl wa Jamhuri ya Cheki alikuwa ameogelea karibu mita 81 mwezi mmoja kabla yake, na mwaka 2023 alishuka wima mita 52.1 kwenye ziwa Sils, Uswisi, bila suti ya kuzuia baridi. Maji hayo huwa na nyuzi kati ya 1 na 4. Vidole hufa ganzi na macho huuma, na njia ya kutokea ni ileile moja.

Je, kwetu hakuna maji baridi? Yapo, na yanaletwa na upepo tunaoujua. Kusi, upepo uleule uliosukuma majahazi kutoka Zanzibar kwenda kaskazini, ukifika pwani ya Somalia na ya Dhofar, Oman, huyasukuma maji ya juu mbali na nchi kavu, na maji ya vilindini hupanda kuchukua nafasi yake. Bahari inayopaswa kuwa vuguvugu hushuka chini ya nyuzi 20. Katika maji hayo ya Dhofar, kuanzia Mirbat kuelekea mashariki, huishi konokono wa baharini mwenye ganda bapa, sufailah kwa lugha ya huko, ambaye hapatikani pwani nyingine yoyote duniani. Wanaume na wanawake wa Mirbat, Sadah na Hasik humfuata kwa pumzi zao, wakimbandua mwambani kwa kipande cha chuma. Mitungi ya hewa imekatazwa, ganda lisilofika sentimita tisa lazima liachwe, na msimu hufunguliwa siku chache tu kwa mwaka. Kuna miaka haufunguliwi kabisa. Sijui uvuvi mwingine wa kuzamia wenye msimu mfupi hivyo na bei kubwa hivyo katika bahari yetu hii.

Kaskazini mwa Oman, Ghuba ya Uajemi ina rekodi ya aibu, nayo lazima itajwe. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, miongoni mwa waliozamia lulu katika Ghuba walikuwamo watu wengi waliotekwa Afrika Mashariki wakauzwa. Walishuka na jiwe mguuni na kibano puani, mara nyingi kwa siku, na lulu ikawa ya bwana. Majina yao hayakuandikwa kwenye daftari lolote la ushindi. Biashara hiyo ilivunjika miaka ya 1930, lulu za kufugwa za Japani zilipojaa sokoni na mdororo wa uchumi ukawapunguza wanunuzi.

Wazamiaji wenye umri mkubwa zaidi duniani wako kisiwa cha Jeju, Korea Kusini. Ni wanawake, huitwa haenyeo, na wengi wamepita miaka 60. Wapo wenye zaidi ya 80 ambao bado huingia baharini. Hushuka hadi mita 10 hivi, dakika moja kila mara, mara nyingi kwa siku, hata majira ya baridi. Kabla ya suti za mpira kufika miaka ya 1970, walivaa pamba. UNESCO iliuweka utamaduni wao katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2016. Ningeulizwa nani bingwa wa maji baridi, ningemtaja bibi wa Jeju mbele ya mtu wa chini ya barafu, maana huyu wa barafu hutoka na kupewa blanketi, na bibi hutoka, akauza alichopata, na kesho akarudi.

Pwani ya Kenya ina werevu wake. Huko Kiunga na visiwa vya Lamu, Wabajuni wanaozamia kamba mawe huenda na pweza. Pweza ni adui wa kamba. Akiingizwa kwenye tundu la mwamba, kamba hutoka mbio mwenyewe na kunaswa. Sijasikia mbinu ya uvuvi wa kuzamia iliyo na akili kuliko hiyo popote, na haivunji tumbawe hata moja. Kusini zaidi, vijana hutumia bunduki za mpira na chuma, ambazo sheria za uvuvi za Kenya zinakataza, kwa kuwa mwenye bunduki huchagua samaki wakubwa wa mwambani mmoja mmoja mpaka mwamba ubaki na vifaranga.

Nasi wa Gusii? Rekodi zetu za pumzi ziliwekwa nchi kavu. Tarehe 13 Oktoba 1968 Naftali Temu alishinda mita 10,000 katika jiji la Mexico, mita 2,240 juu ya bahari, mahali ambapo Mwaustralia Ron Clarke, bingwa wa rekodi wa mbio hizo, alifika mwisho akazimia na kuwekewa oksijeni. Ikawa dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Mwaka 1993, mjini Oslo, Yobes Ondieki alikimbia masafa hayo kwa dakika 26 na sekunde 58.38, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 27. Damu iliyozoea hewa nyepesi ya milimani ni mali kwa mkimbiaji. Majini haimsaidii mtu asiyejua kuogelea.

Hapo ndipo ninapotaka kusemea. Tangu mpango wa serikali wa mwaka 2009 wa kuchimba mabwawa ya samaki, maboma mengi ya Kisii na Nyamira yana maji mlangoni, na taasisi ya utafiti wa uvuvi ina kituo chake Kegati cha kuwasaidia wafugaji. Kuna pia mashimo ya udongo na ya mawe yanayojaa mvua, na kuna Gucha yenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu nusu yao walikuwa chini ya miaka 29. Watoto hushindana nani atakaa chini muda mrefu. Wengine huvuta pumzi za haraka nyingi kabla ya kuzama, wakidhani wanajaza oksijeni. Ukweli ni kwamba wanaifukuza hewa ya kaboni, ambayo ndiyo inayoupa mwili kengele ya kutaka kupumua. Kengele ikinyamaza, oksijeni huisha kimya, na mtoto huzimia bila kupiga kelele, hata kwenye maji ya kifuani. Hata bingwa maji humshinda: Natalia Molchanova, mwenye pumzi kuliko wanawake wote wa wakati wake, alizama karibu na kisiwa cha Formentera, Agosti 2015, na mwili wake haukupatikana.

Basi wazazi, zungusheni ua kwenye mabwawa yenu. Walimu, wakatazeni watoto shindano la kukaa chini ya maji. Na kaunti zetu mbili ziweke walimu wa kuogelea, ili kila mtoto ajue kuelea kabla hajamaliza shule ya msingi.