Ratiba ya Mitihani na Mzigo wa Vijana

Mtihani wa taifa wa kidato cha nne, ambao Baraza la Mitihani la Tanzania huuendesha nchi nzima kila Novemba kwa muda unaozidi wiki mbili, huwakuta watahiniwa wengi wakiwa na umri wa kati ya miaka 16 na 18, yaani katika kipindi ambacho mwili bado unakua na akili bado inajifunza kuhimili hofu. Katika siku hizo chache huamuliwa ni nani atakayeendelea na kidato cha tano, nani atakayekwenda chuo cha kati na nani atakayelazimika kutafuta njia nyingine ya maisha. Kwa sababu hiyo, swali la iwapo ratiba ya mitihani inawaelemea vijana haliwahusu wazazi wenye huruma peke yao, bali linagusa haki ya kila mtahiniwa kupimwa akiwa katika hali inayomwezesha kuonyesha kile anachokijua.

Ili swali hilo lijibiwe vizuri, ni lazima zitofautishwe ratiba mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni ile inayotolewa na Baraza na kubandikwa katika mbao za matangazo za shule, ikionyesha siku, saa na somo. Ya pili ni ratiba ya maandalizi, ambayo haichapishwi na chombo chochote cha taifa, bali hupangwa na shule, wilaya, mkoa na familia kwa mwaka mzima au zaidi kabla ya Novemba. Ratiba ya kwanza ina kasoro zinazorekebishika, lakini ya pili ndiyo inayowachosha vijana zaidi, na ndiyo inayosimamiwa kidogo zaidi.

Kwa nini ratiba hubana

Kabla ya Baraza kuundwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973, mitihani ya sekondari nchini ilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Cambridge cha Uingereza, na baadaye chini ya baraza la pamoja la Afrika Mashariki ambalo Tanzania ilijitoa mwaka 1971. Tangu wakati huo kazi ya kutunga, kusafirisha, kusimamia na kusahihisha imekuwa ya taifa lenyewe, na kazi hiyo ina masharti magumu. Bahasha za mtihani wa somo moja hazina budi kufunguliwa kwa wakati mmoja katika kila kituo, kuanzia mjini hadi visiwani, ili maswali yasivuje. Aidha, walimu wanaosahihisha hukusanywa katika vituo maalumu wakati shule zimefungwa mwezi Desemba, ili matokeo yatoke mapema mwaka unaofuata na wanafunzi wapangiwe shule. Kila siku inayoongezwa katika ratiba huongeza gharama za ulinzi, usafiri na posho, na huongeza nafasi ya udanganyifu. Wanaopanga ratiba, kwa hiyo, hawana nia mbaya, ila mtahiniwa ndiye anayeishia kulipa gharama ya ufupi wa ratiba hiyo.

Gharama hiyo huonekana wazi katika siku yenye mitihani miwili. Wa kwanza huanza saa 2:00 asubuhi na kumalizika saa 5:00, na wa pili huanza saa 8:00 mchana na kumalizika saa 11:00 jioni. Katika saa tatu zilizo katikati, mtahiniwa hupanga foleni ya chakula kama shule ina chakula, hubishana na wenzake kuhusu jibu la swali la nne, hugundua kwamba amekosea, kisha hufungua daftari la somo jingine huku moyo ukiwa bado umebaki kwenye somo la asubuhi. Katika miji ya pwani kama Tanga na Dar es Salaam, ambako joto hupanda kuelekea Desemba, saa nane mchana chini ya paa la bati lisilo na dari si wakati wa kawaida wa kufikiri kwa utulivu.

Utafiti unathibitisha kwamba mambo hayo si visingizio. Mwaka 2016 Hans Henrik Sievertsen na wenzake walichapisha uchambuzi wa mitihani ya watoto wa shule nchini Denmark, wakaonyesha kwamba alama zilishuka kadiri mtihani ulivyosogezwa mbele saa hadi saa, na kwamba mapumziko ya dakika 20 hadi 30 kabla ya mtihani yalizipandisha tena. Nchini Marekani, uchambuzi wa Ian Fillmore na Devin Pope wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wanafunzi waliopata siku kumi kati ya mtihani mmoja na mwingine, badala ya siku moja, walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa takriban asilimia 8, ya kufaulu mitihani yote miwili. Uchunguzi wa mitihani ya shule za New York nao ulionyesha kwamba siku ya joto kali huteremsha alama za mwanafunzi yuleyule ambaye angefanya vizuri zaidi siku ya joto la wastani. Hivyo basi, ratiba yenyewe huingia ndani ya alama, na wanafunzi wawili wenye maarifa sawa wanaweza kutofautiana kwa sababu ya saa na siku waliyopangiwa.

Ratiba isiyochapishwa

Hata hivyo, mwanafunzi haingii katika chumba cha mtihani Novemba akiwa mpya. Kufikia wakati huo amekwisha kupitia majaribio ya kila wiki, mitihani ya kila mwezi, mitihani ya ujirani mwema ambayo shule jirani hutunga kwa pamoja, na mtihani wa utamilifu, yaani ule wa mkoa unaoiga mtihani wa taifa ili kupima utayari wa watahiniwa. Juu ya hayo huongezwa tuisheni ya jioni, masomo ya Jumamosi na kambi za kitaaluma, ambazo huwaweka wanafunzi shuleni kwa wiki kadhaa ili wasome usiku na mchana. Katika mtaala uliotumika kwa miaka mingi, mwanafunzi wa kidato cha nne amekuwa na masomo saba ya lazima, kuanzia hisabati na baiolojia hadi uraia, na juu yake ya hiari. Zaidi ya hayo, mengi kati ya masomo hayo huyajibu kwa Kiingereza, ilhali walio wengi walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Mzigo wa lugha hurefusha kila saa ya kujisomea, kwa kuwa mwanafunzi hujifunza somo na msamiati wake kwa wakati mmoja.

Kinachokatwa kwanza ili hayo yote yatoshee ni usingizi. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani walitoa mwongozo mwaka 2016 unaosema kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kila siku. Mwanafunzi wa kutwa anayeamka saa 10 alfajiri ili awahi daladala kabla makondakta hawajaanza kuwakwepa wanafunzi kwa sababu ya nauli yao ndogo, na anayelala saa 5 usiku baada ya tuisheni, kazi za nyumbani na kujisomea, amelala saa tano tu. Tena katika kipindi cha balehe homoni ya melatonini, ambayo huuandaa mwili kulala, huanza kutoka kwa kuchelewa, kiasi kwamba kijana hupata usingizi usiku zaidi kuliko mtoto mdogo, na kumwamsha alfajiri ni kumkatiza katikati ya usingizi anaouhitaji.

Hasara yake haiishii katika kusinzia darasani, kwa sababu ubongo hutumia usingizi kuimarisha yale yaliyosomwa mchana, na anayekesha hupoteza sehemu ya kile alichokikeshea. Tangu Hermann Ebbinghaus alipochapisha uchunguzi wake wa kumbukumbu mwaka 1885, imejulikana kwamba somo linalorudiwa kidogo kidogo kwa siku nyingi hukaa akilini kuliko linalosomwa kwa mkupuo. Kambi ya kukesha, kwa maana hiyo, hupingana na namna akili inavyohifadhi maarifa, hata inapoandaliwa kwa nia njema na walimu wanaojitolea.

Kenya imejaribu kuliwekea jambo hili mipaka ya kisheria. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinaelekeza kwamba katika shule za bweni masomo yaishe saa 9:30 alasiri, kujisomea kuwe kati ya saa 1:30 na saa 3:30 usiku, na wanafunzi walale hadi saa 12 asubuhi, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza tuisheni ya likizo. Kanuni hizo hazifuatwi kila mahali, kwa kuwa shule nyingi huona jirani akivunja sheria na kuogopa kuachwa nyuma. Mwaka 2016, mabweni ya shule zaidi ya mia moja nchini humo yalipochomwa moto, sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi, na hofu ya mitihani ya majaribio ilikuwa miongoni mwake.

Uzito wa siku moja

Wanaotetea mfumo uliopo husema kwamba shinikizo humkomaza kijana, na hoja yao ina ukweli ndani yake, kwani wasiwasi wa kiasi humfanya mtu awe makini na ajiandae. Majaribio yenyewe, yakiwa mafupi na yakifuatwa na masahihisho, ni njia nzuri ya kujifunza, kwa sababu kulikumbuka jibu huliimarisha kuliko kulisoma upya. Kinachodhuru ni wasiwasi wa mtihani, yaani hofu inayozidi kiasi hadi kuzuia kumbukumbu, kufunga tumbo na kunyima usingizi. Utafiti wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2015 uliwahoji wanafunzi wa miaka 15 katika nchi nyingi, na zaidi ya nusu yao wakasema huingiwa na hofu kubwa ya mtihani hata wanapokuwa wamejiandaa vizuri. Jambo la kuzingatia ni kwamba hofu hiyo haikufuatana na wingi wa mitihani, bali ilipungua pale mwanafunzi alipoona kwamba mwalimu yuko tayari kumsaidia.

Matokeo hayo yanaonyesha kwamba mzizi wa hofu ni uzito wa mtihani mmoja. Nchini Tanzania, upimaji endelevu, yaani alama zinazokusanywa tangu kidato cha pili, umechangia asilimia 30 ya matokeo, na asilimia 70 imebaki kwa mtihani wa mwisho. Anayeshindwa husubiri mwaka mzima ili kurisiti akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, mara nyingi bila darasa wala mwalimu. Taifa lilionja uzito huo mapema mwaka 2013, pale matokeo ya mwaka 2012 yalipoonyesha kwamba zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri, Serikali ikaunda tume ya uchunguzi na matokeo hayo yakafutwa na kupangwa upya. Hatua nzuri ilichukuliwa Januari 2023, Baraza lilipoacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora, kwani orodha hizo zilikuwa zikigeuza mtihani wa kijana kuwa mashindano ya biashara ya shule.

Bado kuna mengi yanayowezekana. Ufini huendesha mtihani wake wa kuhitimu sekondari ya juu mara mbili kwa mwaka, na mtahiniwa anaweza kuugawa katika awamu tatu zinazofuatana, bila elimu ya nchi hiyo kupoteza heshima. Tanzania inaweza kuanza na hatua ndogo zaidi: masomo mawili ya lazima yasipangwe siku moja, siku ya kupumzika iwekwe kati ya masomo mazito, na anayekosa somo moja au mawili apewe nafasi ya kuyarudia ndani ya miezi michache. Shule nazo ziwekewe kikomo cha mitihani ya majaribio na saa ya mwisho ya kujisomea usiku, na wakaguzi wa elimu waulize habari za usingizi wa wanafunzi kama wanavyouliza habari za ufaulu. Mzazi, kwa upande wake, anaweza kumpunguzia mtoto kazi za nyumbani katika wiki za mtihani, hasa binti ambaye mara nyingi hupika na kulea wadogo zake kabla ya kushika daftari, na kumhakikishia kwamba matokeo yoyote hayataondoa nafasi yake nyumbani.

Ratiba ni kazi ya mikono ya watu wazima, na watu wazima wanaweza kuibadilisha. Nchi inayotaka kujua vijana wake wamejifunza nini inapaswa kuwapima wakiwa wamelala, wamekula na wametulia, kwa sababu alama zilizopatikana kwa njia nyingine hupima uvumilivu wa mwili na kuuita maarifa.