Kivimbe Kisichouma
Maneno kwa kina mama, waume na waalimu wa Kilosa na Mikumi

Mwezi huu twataka kunena juu ya jambo ambalo watu hulinena kwa kunong'ona, au hawalineni kabisa. Ni habari ya uvimbe wa titi. Pengine wako watakaosema kwamba haya si maneno ya kusomwa nyumbani mbele ya watu wote. Sisi twaona kwamba aibu ni rafiki mkubwa wa ugonjwa huu. Ugonjwa hututaka kitu kimoja tu, nacho ni muda; na aibu huupa muda huo bure.

Watu wa Kilosa wajua vema jinsi jambo dogo lilivyo likiachwa. Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 mto Mkondoa ulifurika, ukashinda tuta lililojengwa kuuzuia. Maji yakaingia katika makao ya watu, nyumba zikaanguka, na njia ya reli ikaharibika. Ufa wa tuta huzibwa kwa jembe na kikapu cha udongo ukiwa bado mdogo. Maji yakiisha kupita, kazi huwa nyingine kabisa. Saratani ya titi, ambayo wengi huiita kansa, nayo huanza kama ufa.

SI KILA UVIMBE NI SARATANI

Kwanza tuondoe hofu isiyo na sababu. Vivimbe vingi vya titi si saratani. Msichana au mama kijana aweza kuona kivimbe kidogo, cha mviringo, kinachokimbia chini ya kidole kama gololi; mara nyingi hicho ni nyama ya titi iliyokua tu, wala haienei mwilini. Mwingine hupata kifuko chenye maji. Wengine huona matiti yamejaa, yanauma, na yana vinundu siku chache kabla ya hedhi, kisha hali hiyo hutoweka yenyewe.

Mama anyonyeshaye aweza kupata titi jekundu, lenye moto, pamoja na homa. Hapo maziwa yamezuiliwa, au vijidudu vimeingia, na pengine jipu limefanyika. Huyu yampasa atibiwe upesi. Lakini wekundu na uvimbe usiopona baada ya dawa, au unaompata mama asiyenyonyesha, usiachwe, kwa kuwa iko namna ya saratani inayofanana sana na jipu.

Basi mtu atapambanuaje? Hapa ndipo wengi wanapokosea. Sisi tumezoea kuupima ugonjwa kwa maumivu. Jino likiuma, twakwenda. Mguu ukiuma, twakwenda. Walakini kivimbe cha saratani, mara nyingi, hakiumi mwanzoni. Mama hulima, hutwanga na kubeba maji kama desturi, naye husema, "Hakiniumi; nitakwenda baada ya mavuno." Kumbe kutouma si alama ya uzima, wala kuuma si alama ya saratani. Hapana jirani awezaye kupambanua kwa kutazama, wala sisi hatuwezi kwa kuandika. Kupimwa ndiko kunakopambanua.

DALILI ZA KWENDA NAZO HOSPITALI

Kila mama, na kila binti aliyekua, azijue dalili hizi:

1. Kivimbe kipya katika titi au kwapani, hasa kilicho kigumu na kisichosogea.
2. Titi moja kubadilika ukubwa au umbo, lisifanane na lilivyokuwa.
3. Ngozi ya titi kubonyea ndani, au kuwa na vishimo kama ganda la chungwa.
4. Chuchu kuingia ndani, hali zamani haikuwa hivyo.
5. Damu au maji kutoka katika chuchu pasipo kukamuliwa.
6. Kidonda au ukurutu wa chuchu usiopona.
7. Wekundu na uvimbe wa titi usiokwisha.

Kivimbe kikiwapo bado baada ya hedhi inayofuata, mama asingoje tena. Aliyekwisha kukoma hedhi asingoje hata kidogo. Wanaume nao wasicheke: wao pia huugua saratani ya titi, ingawa ni wachache, pengine mmoja tu katika wagonjwa mia.

Hatuwaambii kina mama wajipapase kila siku kwa hofu. Twawaambia waijue hali ya miili yao, kama mkulima alijuavyo shamba lake, hata aone mara moja lililogeuka. Tena wakifika zahanati kwa haja nyingine, wamwombe muuguzi awapime matiti. Mikono iliyofundishwa ina faida. Katika mji wa Mumbai, huko India, wanawake zaidi ya 150,000 waliingizwa katika uchunguzi ulioendelea miaka 20, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2021. Nusu yao walipimwa matiti kwa mikono, kila baada ya miaka miwili, na wanawake waliofundishwa kazi hiyo. Saratani zao zilionekana mapema zaidi. Na kwa wale wenye miaka 50 na zaidi, vifo vya ugonjwa huu vilipungua karibu 30 katika kila 100. Kwa walio chini ya umri huo upungufu wa vifo haukuonekana, na hatupendi kuwaficha wasomaji jambo hilo.

MANENO YASIYO KWELI

Husemwa kwamba saratani ya titi huletwa na kuweka fedha au simu katika sidiria. Si kweli. Husemwa kwamba ni kurogwa, au ni malipo ya dhambi iliyofichwa. Si kweli. Husemwa kwamba huambukiza kwa kulala kitanda kimoja au kula sahani moja. Si kweli, wala mtoto haambukizwi kwa kunyonya.

Yaliyo kweli ni haya. Hatari huongezeka kwa umri, kwa kuwa na mama au dada aliyeugua, kwa pombe, na kwa unene mwingi hasa baada ya kukoma hedhi. Kunyonyesha hupunguza hatari. Hata hivyo, karibu nusu ya wanaougua hawana sababu yo yote ijulikanayo, isipokuwa kwamba ni wanawake na umri wao umeendelea. Basi mgonjwa asiulizwe, "Umefanya nini?"

NJIA MBILI ZA MAMA MMOJA

Natuwaze mama mmoja wa Mikumi. Si mtu tumjuaye. Ni mfano tu. Siku moja akioga, mkono wake wapita juu ya kitu kama punje ya harage. Amwendea shangazi yake.

"Shangazi, nimeona kitu hapa."

"Kinauma, mwanangu?"

"Hakiumi."

"Basi ni maziwa yaliyoganda. Mtoto umemwachisha juzi tu."

Shangazi hakukusudia kumdanganya; asema alivyoambiwa na waliomtangulia. Na tangu hapo njia zagawanyika mbili.

Katika njia ya kwanza mama angoja mavuno yapite. Kisha apelekwa kwa mganga wa kienyeji, achanjwe na kupakwa dawa. Mwaka wapita, punje imekuwa limau, na ngozi yapasuka. Hapo ndipo watu wa nyumbani watafuta gari. Njia hii yapitwa na wengi sana: taarifa ya huduma za titi katika Tanzania, iliyotolewa 2017, ilionyesha kwamba karibu wanawake 8 katika kila 10 walitambuliwa ugonjwa ukiwa umekwisha kuendelea sana.

Katika njia ya pili mama aenda juma lile lile kwenye Hospitali ya Mtakatifu Kizito, iliyopo hapo hapo Mikumi. Angalikuwa Kilosa, angalikwenda hospitali ya wilaya. Apimwa kwa mikono, aandikiwa barua, kisha ashika barabara kuu ipitayo katikati ya mbuga ya wanyama hata Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Morogoro. Mambo matatu hutakiwa ili ugonjwa ujulikane kwa hakika: kupimwa kwa mikono, kupigwa picha, ama ya altrasaundi ama ya eksirei ya titi iitwayo mamografia, na kutolewa kipande kidogo cha uvimbe kwa sindano, kikatazamwe kwa darubini. Wengi huiogopa sindano hiyo wakidhani kwamba hueneza ugonjwa. Wasiogope. Pasipo sindano hiyo daktari hutibu kwa kubahatisha.

Ikionekana ni saratani, atumwa Dar es Salaam, Muhimbili au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, ambayo majengo yake ya kale yalijengwa na Wadachi mwishoni mwa karne ya 19. Tangu mwaka 2024 watu wa Kilosa waweza kusafiri kwa treni ya umeme. Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo cha siku 60 tangu mama afike mara ya kwanza mpaka ugonjwa ujulikane. Basi tuzihesabu siku zetu kwa kipimo hicho, si kwa misimu ya mavuno.

HABARI ZA MATIBABU

Wengi hukimbia kwa kuwa wamesikia neno moja tu: "kukatwa". Natueleze.

Zamani, mwishoni mwa karne ya 19, daktari William Halsted wa Marekani alifundisha kuondoa titi lote pamoja na misuli ya kifua, na madaktari wengi walimfuata kwa miaka mingi. Lakini kuanzia 1976 daktari Bernard Fisher na wenzake, huko huko Marekani, walilinganisha njia mbili. Wakaona kwamba wagonjwa wa hatua za mwanzo walioondolewa kivimbe tu, kisha wakapewa mionzi, waliishi sawasawa na walioondolewa titi lote. Basi afikaye mapema aweza kubaki na titi lake. Penye uvimbe mkubwa, au pasipopatikana mionzi, kuondoa titi lote ni tiba njema, wala si hukumu ya kifo.

Mionzi huua mabaki ya ugonjwa mahali pale pale. Mwaka 2018 Ocean Road ilipata mashine mpya za kazi hiyo. Dawa za kutiwa katika mshipa hufuata ugonjwa mwili mzima. Hizo huchosha, huleta kichefuchefu na kuangusha nywele. Lakini nywele huota tena, na kichefuchefu kina dawa yake.

Tena kuna vidonge. Mwaka 1896 daktari George Beatson wa Glasgow aliandika habari za wagonjwa ambao uvimbe wao ulipungua baada ya kuondolewa vifuko vya mayai ya uzazi. Baadaye watu walifahamu kwamba saratani nyingine za titi hulishwa na homoni za kike. Ndiyo sababu kile kipande cha uvimbe huchunguzwa zaidi. Na akionekana mgonjwa wa namna hiyo hupewa kidonge kama tamoksifeni, kila siku, kwa miaka 5 au zaidi. Asikiache kwa kuwa ajiona mzima. Wengine, ambao saratani yao ina alama nyingine, hupewa dawa iitwayo trastuzumabu.

Na aliyechelewa je? Naye asiachwe. Matibabu yaweza kumwongezea siku, kidonda huoshwa na kufungwa, na maumivu makali hutulizwa kwa mofini. Asiambiwe, "Umechelewa, kaa nyumbani."

KWA WAUME, WAALIMU NA MAJIRANI

Ninyi waume, mke akikuambia, "Baba Fulani, nimeona kivimbe," usimjibu, "Tutaona." Nauli i mkononi mwako, na mara nyingi ruhusa pia. Fuatana naye. Na akirudi ameondolewa titi, ni mke wako yule yule. Wapo wanawake walioachwa na waume zao kwa sababu hiyo, nasi twaona haya kuliandika jambo hili. Lakini lisipoandikwa, litaendelea.

Ninyi waalimu, someni dalili hizi mbele ya kina mama, polepole, mara mbili. Na mtu akitaka kuombewa, mwombeeni, kisha msindikizeni hospitali siku ile ile. Kuomba na kutibiwa havigombani. Luka mwenyewe alikuwa tabibu. Amwambiaye mgonjwa aache dawa ili aonyeshe imani, amtwisha mzigo ambao yeye mwenyewe hataubeba.

Na sisi sote, natujiulize neno moja. Mtu akifa katika mtaa wetu, hatulali mpaka fedha za sanda na jeneza zimepatikana. Huleta huyu mahindi, yule kuni, na mwingine shilingi. Desturi hii ni njema. Lakini mama yule yule, mwaka mmoja kabla, alikosa nauli ya kwenda Morogoro, na hapana aliyezunguka na daftari. Twajua kuchangia sanda. Na tujifunze kuchangia nauli.

Ewe mama usomaye, au usomewaye, haya: kama kipo kitu ulichokiona, na hujamwambia mtu, mwambie mmoja leo. Ukiisha kumwambia, nenda.