Hudi ya Kamera: Urembo au Kazi? Muulize Aliyeharibu Picha ya Mzee!

Leo mambo ya nani kamwacha nani tuyaweke kiporo. Nataka tuongee kamera, na hasa kile kidude kinachowagombanisha wapiga picha mpaka chai inapoa kwenye vikombe: hudi. Namaanisha lile duara la plastiki au mpira, kama kikombe kisicho na kitako, linalovishwa mdomoni mwa lenzi. Si ule mfuniko wa kuziba lenzi kamera ikiwa begini, usichanganye.

Nilikuwa Katoro, kule Geita, mwezi uliopita. Kuna kijana mmoja pale anapiga picha za harusi na za wachimbaji, kamera yake ya kisasa, mkanda shingoni, hudi kaivaa kinyumenyume, mdomo umetazama nyuma. Nikamuuliza, mdogo wangu, mbona umeigeuza? Akacheka. "Mzee, hii ni ya kuonekana profesheno tu. Mambo mengine tunarekebisha kwenye kompyuta."

Nilinyamaza. Siyo kwamba sikuwa na jibu. Jibu ninalo tangu 1996.

Mwaka huo nilikuwa na Zenit E ya mtumba. Vijana wa leo hamuijui: dude zito la Kirusi, lilitengenezwa Krasnogorsk karibu na Moscow kuanzia 1965, na zilitoka zaidi ya milioni 3. Ukimpiga nayo mwizi kichwani, kazi imekwisha. Lenzi yake Helios 44-2, milimita 58. Yangu haikuwa na hudi na wala sikuitafuta. Hela ya hudi si bora ninunue mkanda mwingine wa picha 36?

Basi nikapata dili la harusi, Shinyanga mjini, mwezi wa tisa. Ukiijua Shinyanga ya kiangazi unajua ninachosema: vumbi, nyasi zimekauka, jua halina adabu. Saa kumi na moja jioni bibi harusi akamshika mkono baba yake, mzee wa Kisukuma aliyetoka kijijini na koti lake la suti, akaniambia, "Kaka, nipige na baba, peke yetu." Nikawaweka jua likiwa nyuma yao ili wasikunje macho. Kwenye kioo cha kamera jua halikuonekana, lilikuwa juu kidogo ya picha. Nikajiona mjanja. Nikapiga tatu.

Mkanda ulisafishwa Mwanza. Niliporudishiwa, zile tatu zilikuwa kama zimepigwa ndani ya maziwa. Suti nyeusi imekuwa kijivu, na mstari wa madoa ya mwanga umeshuka kutoka kona ya juu, doa kubwa kuliko yote limetua usoni kwa mzee. Nilimpa bibi harusi albamu nikazificha zile tatu. Alivumilia. Mwaka uliofuata akaja studio, hakukaa hata kwenye stuli. "Kaka, ile ya baba iko wapi? Tumemzika juzi."

Sasa kilichotokea ni nini? Lenzi si kioo kimoja. Helios 44-2 ina vioo 6 vimepangwa ndani. Jua likipiga kile cha mbele kwa ubavu, hata kama lenyewe halimo kwenye picha, mwanga unadundadunda kutoka kioo hadi kioo mpaka unafika kwenye mkanda, au kwenye hizi kamera za leo, kwenye kile kioo cha ndani kinachopokea picha. Hapo rangi zinapauka, weusi unakufa, madoa yanatokea. Hudi inaziba ule mwanga wa pembeni kabla haujagusa kioo. Ndiyo kazi yake, basi. Ni kama unavyoweka kiganja juu ya macho ukimtafuta ng'ombe aliyevuka mbuga.

Na kiganja chenyewe kinafaa! Siku ile ningenyoosha mkono juu ya lenzi, au ningemwomba kijana mmoja asimame na kofia, mzee angeonekana. Nimeona watu wakikunja karatasi nyeusi ya boksi la karatasi za picha, wakaifunga kwa mpira wa mfuko, maisha yakaendelea.

Lakini wanaosema hudi ni dawa ya kila kitu nao waache uongo. Jua likiwa ndani ya picha, hudi haikusaidii. Saa sita mchana, jua la utosini, ugonjwa wako ni vivuli vya machoni, na hapo hudi haina la kufanya. Ukiweka hudi ndefu kwenye lenzi pana, pembe za picha zinakuwa nyeusi; ndiyo maana hudi za lenzi pana zimekatwa kama ua. Ukitumia flashi ndogo iliyomo kwenye kamera, hudi inatupa kivuli cha nusu duara chini ya picha, bibi harusi anaonekana kasimama kwenye shimo. Hapo ivue.

Geita kuna jingine. Kwenye makarasha ya kusagia mawe vumbi halina mlango, na hudi hailizuii. Vumbi likikaa kwenye lenzi, mng'ao unazidi. Futa kwanza, taratibu, lile vumbi la mawe linakwaruza. Ila pale watu wanaposukumana kwenye duara dhahabu ikipatikana, hudi inapigwa kumbo badala ya kioo. Yangu ya mpira ina makovu matatu. Kioo kizima.

Nirudi Katoro. Ile negativu ya mzee ninayo mpaka leo, natembea nayo kwenye bahasha. Nikampa yule kijana: haya profesheno, rekebisha. Akaipiga picha, akaiingiza kwenye kompyuta, akakaa nayo kama saa nzima, jasho linamtoka. Suti ikarudi nyeusi. Mkono wa binti ukarudi, hata maua. Usoni akakwama.

"Mzee, hapa macho hayapo. Nikiendelea itabidi niyachore."

Nikamwambia usichore.

Akaizima mashine, tukanywa soda bila maneno mengi. Akaniuliza hudi za mpira zinauzwa wapi, nikamwambia tatizo siyo kununua, hiyo uliyo nayo igeuze tu. Akaigeuza, ikalia ka! ikakaa. Jumamosi nikapita na bodaboda karibu na kanisa moja pale, nikamwona kapiga goti mbele ya maharusi, jua la jioni linawapiga mgongoni.

Hudi kaigeuza tena nyuma, jamani!