Daktari na Jalada Lake
Jalada la daktari aliyeajiriwa mjini Sumbawanga hubeba vyeti, usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika na tathmini za utendaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, humpa haki ya kuomba kuziona taarifa zake na kusahihishiwa zilizokosewa. Mapitio ya vifo vya uzazi ni jambo jingine: hayataji majina, ili wataalamu waseme kweli bila hofu na kasoro isijirudie. Katika nyanda za Ufipa, bingwa mmoja akiondoka kwa tathmini potofu asiyoisoma, huenda mgonjwa akalazimika kusafiri hadi Mbeya. Basi daktari na aombe kwa maandishi, mapema.